Kaa Kijiweni, Andika Usiku: Mwongozo Kamili wa Utafiti wa Uwandani kwa Kutazama na Kuandika

Kila mwaka msimu wa fildi ukiisha, wanafunzi huniletea madaftari yao. Nayafungua kwa hamu, na karibu kila mara nakutana na maneno yaleyale: "Leo nilifika kijiweni. Bodaboda walikuwa wengi. Walikuwa wakali kidogo ila walitoa ushirikiano." Mwezi mzima wa jua na nauli, kilichobaki ni mistari mitatu ambayo ningeweza kuiandika nikiwa kitandani kwangu.

Wanafunzi hawa walikwenda kweli. Walikaa, waliona. Ila hakuna aliyewaonyesha namna ya kuandika walichokiona. Waliambiwa wataje "ushuhudiaji" kwenye sura ya tatu ya tasnifu, basi, wakaachwa. Mwongozo huu unaziba pengo hilo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kijiwe cha bodaboda jijini Dar es Salaam. Niliwahi kukaa kwenye kimoja kwa miezi kadhaa, na jina lake silitaji, kwa sababu utakayoiona kwenye hatua ya nane. Kama wewe unachunguza mnada wa samaki, foleni ya kliniki au kikao cha vikoba, hatua ni hizihizi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, lenye jalada gumu ili uandike ukiwa umelipakata. Hili ndilo linalokwenda kijiweni.
- Kaunta buku kubwa, au kompyuta. Hili halitoki nyumbani hata siku moja.
- Kalamu mbili na penseli moja. Penseli ni ya siku ya mvua na ya mikono yenye jasho. Wino ukilowa unasambaa, penseli haikusaliti.
- Saa ya mkono. Simu nayo ina saa, lakini kila ukiitoa watu wanadhani unawapiga picha au unawarekodi.
- Barua ya chuo, vibali na kitambulisho, pamoja na kopi za kutosha. Kila ofisi itabaki na moja.
- Pesa ndogondogo za chai, chapati na nauli. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa mama lishe saa moja asubuhi, unamsumbua kutafuta chenji na unajitangaza.
- Muda wa usiku. Kila saa moja ya kukaa kijiweni inadai saa moja, pengine na nusu, ya kuandika mezani. Kama unakoishi hakuna utulivu, tafuta kwanza kona ya kuandikia, ndipo upange siku za kwenda.

Kinasa sauti sijakiweka kwa makusudi. Kijiweni kuna honi, redio na watu sita wanaoongea kwa pamoja. Utarudi na kelele. Kitunze kwa ajili ya mahojiano ya mtu mmojammoja baadaye, tena kwa ridhaa yake.

## Hatua ya 1: Punguza swali mpaka macho yaweze kulijibu

"Changamoto zinazowakabili waendesha bodaboda" ni kichwa cha habari. Hutaiona changamoto ikipita barabarani. Utaona mtu anasubiri, anaitwa, anagombana, anahesabu noti.

Kwa hiyo badilisha. Swali langu lilikuwa: *abiria akitokea, nani anambeba, na wanaamuaje?* Hilo linaonekana. Linatokea mara nyingi kwa siku, lina mwanzo na mwisho, na ndani yake kuna mambo ya ujirani, umri, deni na heshima ambayo msimamizi wako anayataka.

Jipime hivi: andika vitu vitano ambavyo ukiviona kesho utajua swali lako limeanza kujibika. Ukishindwa kufikisha vitano, swali bado ni pana. Usitoke nyumbani.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza konda wa daladala unachochunguza kwa sentensi moja na asikuulize "yaani?"

## Hatua ya 2: Pata vibali viwili, cha ofisi na cha kijiwe

Cha ofisi kinajulikana. Mwanafunzi wa Tanzania Bara huanza na barua ya chuo, akapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa au wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata na ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mtafiti anayetoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya kibali hutolewa na NACOSTI, tume yao ya sayansi, na Zanzibar ina utaratibu wake. Anza mapema, maana barua hulala mezani kwa mtu aliyesafiri.

Usiruke ofisi ya mtaa ukidhani ni ndogo. Siku mtu akienda kulalamika kwamba kuna mgeni anaandikaandika, atakwenda hapohapo.

Kibali cha pili hakina muhuri. Kijiwe kina mwenyekiti, mara nyingi na katibu na mweka hazina, na bila wao utakaa wiki nzima ukitazama watu wanaokutazama. Nilikwenda asubuhi, kabla ya pilikapilika za watu kuwahi kazini. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Dada, wewe ni wa mkopo au wa LATRA?"

"Wa chuo."

"Chuo kinataka nini kwa bodaboda?"

"Nataka kujifunza mnavyopangana hapa. Abiria akija, nani anambeba."

Akacheka, akawageukia wenzake. "Hilo hata sisi tunagombania kila siku."

Angalia swali lake la kwanza. Mgeni mwenye daftari kijiweni ni mtu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, anayemfuata mdaiwa, au ni mtu wa LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, anayefuata leseni. Hiyo tayari ni data, na niliiandika usiku ule: wanaogopa nini, na kwa mpangilio upi. Mkopo ulitajwa kabla ya serikali.

Sema ukweli mfupi: wewe ni nani, unachunguza nini, utakaa muda gani, majina hayatatokea, na asiyetaka kuandikwa akuambie. Usiahidi kwamba utafiti utawaletea mikopo au kofia ngumu. Wameahidiwa na wengi.

Tahadhari: usijifanye abiria, wala mtu anayetaka kununua pikipiki. Ukigundulika unapoteza kijiwe, na atakayekuja baada yako analipia uongo wako.

Abiria wanaopita huwezi kuwaomba ridhaa mmojammoja. Basi usiwaandike kwa namna ambayo jirani angewatambua. "Mwanamke wa makamo mwenye kapu" inatosha.

## Hatua ya 3: Siku tatu za kwanza, chora na hesabu

Siku hizi tatu usitafute maana. Chora ramani ya mahali: mwembe uko wapi, benchi, duka la Mangi, banda la mama lishe, kichochoro, kituo cha daladala. Weka mishale ya wanakotokea abiria na alama ya kila pikipiki ilivyoegeshwa.

Kwa nini ramani? Kwa sababu mahali pa kukaa panasema mambo. Siku ya pili niliona kuna waendeshaji ambao hawakai benchi kamwe, ingawa nafasi ipo. Wanakalia pikipiki zao. Sikuuliza. Niliandika tu. Wiki ya pili nikaelewa kwamba benchi ni la waliolipa kiingilio cha kijiwe.

Kisha hesabu. Kila robo saa, pikipiki ngapi zipo, ngapi zimetoka, ngapi zimerudi. Tumia vijiti vya tano tano kama vya wahesabu kura. Hesabu inakupa kazi ya kufanya mikono ikiwa na haya, na inawazoesha watu kukuona na daftari bila hofu.

Wewe mwenyewe kaa wapi? Penye sababu ya kuwepo. Mimi nilikaa kwa mama lishe, nikanunua chai, nikasaidia kuosha vikombe. Kwa mwanamke pale ni salama zaidi kuliko katikati ya vijana kumi na wawili, na kila mmoja anapita kunywa uji. Kukaa usiku kijiweni mpaka saa nne sikufanya peke yangu, na hakuna tasnifu inayostahili mtu afanye hivyo.

Panga pia siku zitofautiane: Jumatatu asubuhi, Ijumaa mchana watu wakitoka msikitini, Jumamosi usiku, mwisho wa mwezi, na siku ya mvua. Kijiwe cha siku ya mvua ni kijiwe kingine kabisa.

Utajua umefaulu siku mwenyekiti atakapopita bila kukuuliza "leo umepata nini?"

## Hatua ya 4: Kijiweni andika mbegu tu

Hutaweza kuandika kila kitu pale, na ukijaribu utaacha kutazama. Andika mbegu: neno, jina la bandia, saa, kitu kimoja kilichoonekana, maneno machache yaliyosemwa. Kazi ya mbegu ni kuamsha kumbukumbu usiku.

Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi:

> 1:50. 9 mwembeni. mama kapu. J awasha. "ya R hiyo." J azima. R uji, mgongo wa mkono. bei kimya.

Kwa mwingine huo ni upuuzi. Kwangu, usiku ule, zilitoka kurasa mbili.

Kuhusu saa: amua tangu siku ya kwanza kama unaandika saa ya Kiswahili au ya kwenye simu, na uiandike kwenye jalada la ndani. Saa 1:50 asubuhi ya kwetu ni 07:50 ya simu. Nimesoma daftari la mwanafunzi ambaye abiria wake wa asubuhi waliondoka kabla hawajafika, kwa sababu alichanganya mbili hizo kwenye ukurasa mmoja.

Andika lini? Baada ya tukio, si katikati yake. Jisogeze kwenye kona ya banda, nenda msalani, jifanye unapiga hesabu za chai. Watu wakigombana, funga daftari uliweke mfukoni. Anayeandika ugomvi wakati unaendelea amechukua upande, hata kama hajui upande gani.

Kinyume chake pia kipo. Watu wakisema "hiyo iandike", iandike mbele yao, hata kama haikuhusu. Kisha usiku jiulize kwa nini walitaka hiyo iandikwe.

## Hatua ya 5: Usiku huohuo, andika yote

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Mtu anarudi amechoka, anaoga, anakula, anasema ataandika kesho. Kesho anarudi kijiweni, na matukio ya leo yanakaa juu ya yale ya jana. Siku ya tatu R na J wamekuwa mtu mmoja kichwani mwake.

Sheria zangu ni tatu. Usilale kabla hujaandika. Usimsimulie mtu siku yako kabla hujaandika, maana ukishasimulia utaandika ile simulizi, iliyokwisha kunyooshwa ili ipendeze, na tukio lenyewe litapotea. Na usianze na lililokusisimua. Anza na ulivyofika, shuka kwa mpangilio wa saa. Lililokusisimua halitasahaulika, madogo ndiyo yanayopotea.

### Tenganisha ulichoona na ulichohukumu

Nitoe kisa changu, ingawa kinaniaibisha. Mwezi wa kwanza niliacha daftari dogo kwenye benchi nikaenda kulipa chai. Kijana mmoja akaliokota, akafungua, akasoma kwa sauti: "Saa nne. Vijana wawili wavivu wamelala juu ya pikipiki."

Kijiwe kikanyamaza. Mmoja wa wale wawili akanyanyua kichwa. "Dada, mimi nimefika hapa saa kumi na moja alfajiri." Usiku kucha alikuwa akipiga deiwaka, yaani kibarua cha muda, na pikipiki ya mwenzake, kwa sababu ile ya kwake ni ya mkataba na hesabu ya tajiri, pesa anayopelekewa mwenye pikipiki, ilikuwa imebaki nyuma. Asubuhi akaja kushika zamu bila kupita nyumbani.

Niliomba radhi, na walinisamehe haraka kuliko nilivyojisamehe. Lakini kilichoniuma zaidi kitaaluma ni hiki: nilikuwa nimeona. Alikuwa bado amevaa koti zito, saa nne asubuhi, kwenye joto la Dar es Salaam. Koti lile lilikuwa linaniambia ametoka usiku. Neno "wavivu" lilikaa mahali ambapo koti lilipaswa kuandikwa.

Ningeandika hivi: *Saa 4:10. Wawili wamelala kifudifudi juu ya pikipiki, mashavu juu ya tangi. Mmoja amevaa koti zito lililofungwa hadi shingoni. Pikipiki zao ni ya pili na ya tano kwenye mstari. Hakuna anayewaamsha.* Hapo msomaji yeyote angeuliza kuhusu koti.

Basi pitia kila ukurasa ukitafuta maneno haya: wakali, wakarimu, wavivu, maskini, kawaida, wengi, vizuri. Kila unapolikuta moja, jiulize: niliona nini hata nikasema hivyo? Andika hicho, lile neno lifute.

### Tumia herufi nne

Mbele ya kila aya weka herufi. O kwa nilichoona, S kwa nilichosikia, W kwa nilichowaza, H kwa nilivyohisi. Hisia usizitupe. Siku niliyoandika "H: leo nimeogopa kuuliza kuhusu michango" nilijua baadaye kwamba woga ule haukuwa wangu peke yangu, kila mtu kijiweni aliogopa swali hilo kwa mweka hazina.

Hivi ndivyo mbegu ile ya saa 1:50 ilivyokua:

> O Saa 1:50 asubuhi. Pikipiki 9 chini ya mwembe: 6 zimeelekea barabarani kwa mstari, 3 zimeegemea ukuta wa duka. Mwanamke wa makamo, kanga mbili, kapu mkono wa kulia, anatokea kichochoroni. Pikipiki ya kwanza ni ya R, lakini R yuko bandani anakunywa uji. J, wa tatu, anawasha.
>
> S Mtu wa benchini, bila kugeuka: "Ya R hiyo."
>
> O J anazima. Hasemi kitu. Mama anasimama na kusubiri, haangalii pikipiki nyingine. R anakuja, anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, anapokea kapu, analiweka mbele. Wanaondoka. Sikusikia bei ikitajwa.
>
> W Mstari unaheshimiwa hata mwenye zamu asipokuwepo? Au mama ni abiria wa R wa siku zote, ndiyo maana bei haikutajwa? Wa pili kwenye mstari mbona hakujaribu? Kesho: angalia abiria mgeni akija wakati wa kwanza hayupo.

Ona mstari wa W unavyomaliza: kwa kazi ya kesho. W isiyo na kazi ya kesho ni hotuba.

### Linda maneno yao

Maneno uliyoyasikia neno kwa neno yaweke ndani ya alama za kunukuu. Ukikumbuka maana bila maneno, andika "alisema kama kwamba..." bila alama. Usizichanganye, maana baada ya miezi sita hutajua lipi ni lao na lipi ni lako.

Na hata kama tasnifu itaandikwa kwa Kiingereza, daftari liandike kwa lugha iliyosemwa. "Hesabu" kijiweni ni pesa ya kila siku au kila wiki anayopelekewa mwenye pikipiki. "Tajiri" ni huyo mwenyewe, hata kama ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye pikipiki moja. "Mshikaki" ni kupakia abiria zaidi ya mmoja. Ukitafsiri usiku huohuo, neno "tajiri" litageuka "mmiliki" na utapoteza uhusiano mzima uliomo ndani yake. Tafsiri itasubiri.

Utajua umefaulu ukimpa mtu ambaye hajawahi kufika pale ukurasa mmoja, na akaweza kukuchorea waliposimama watu.

## Hatua ya 6: Uliza kidogo, uliza kuhusu kilichotokea

Maswali makubwa hujibiwa kwa majibu ya redioni. Uliza "mnashirikianaje?" utaambiwa "sisi hapa ni kama ndugu." Uliza badala yake: "Jana yule mama alimsubiri R, kwa nini J hakumchukua?" Hapo utapata habari.

"Yule ni abiria wa mtu," J aliniambia. Nikanyamaza, nikampa muda. "Ukimchukua abiria wa mtu, siku ukipata pancha nani atakukopesha tyubu?" Maneno hayo yalizaa sura nzima.

Muda mzuri wa kuuliza ni wa kungojea, mchana baada ya saa sita, biashara ikiwa imelala. Asubuhi kila swali lako linamgharimu mtu abiria.

## Hatua ya 7: Kila wiki, soma na utafute kinachokupinga

Chagua siku moja usiende kijiweni. Soma kurasa zote za wiki kwa kalamu ya rangi nyingine. Andika waraka wa ukurasa mmoja wenye mambo matatu yaliyojirudia na moja lisiloingia.

Lile lisiloingia lifuate. Mimi niliamini kwamba foleni ndiyo sheria. Kisha zikaja siku foleni ilivunjwa na hakuna aliyelalamika: mgonjwa aliyebebwa na pikipiki iliyokuwa karibu, abiria wa mtu, mvua. Badala ya kuziita kasoro, nilizipanga pamoja, na sheria yenyewe ikajitokeza upya: foleni ni ya abiria wageni, wakati wa utulivu. Abiria anayefahamika ana mwenyewe.

Hapo ndipo ile hesabu ya hatua ya tatu inapokuwa na faida. Tengeneza jedwali: abiria mgeni au wa mtu, aliyembeba alikuwa wa ngapi kwenye mstari, kulikuwa na manung'uniko au la. Ukiwa na madai na jedwali, mtahini atakuuliza maswali mazuri. Ukiwa na madai peke yake atakuuliza "umejuaje?"

## Hatua ya 8: Ficha majina, funga daftari

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwao ya mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, fikiria nini kiko ndani ya daftari lako: nani anabeba mshikaki, nani hana leseni, nani anadaiwa, nani alitoa kitu kidogo barabarani.

Tumia herufi au majina ya bandia tangu mbegu ya kwanza. Orodha inayounganisha herufi na majina ikae mbali na daftari, kwenye karatasi moja iliyofungiwa. Namba ya pikipiki usiiandike kabisa. Piga picha kurasa kila usiku na uzihifadhi mahali penye nywila. Mvua na wezi hawachagui.

Amua mapema pia utafanya nini ukiona jambo la hatari, kama ajali au mtoto anayeumizwa. Liongee na msimamizi wako kabla, kwa sababu siku yenyewe hutakuwa na muda wa kufikiri. Na mtu akikuambia "hii usiandike", usiandike. Hata usiku. Hata kwa herufi.

## Hatua ya 9: Jua lini uondoke, na uage

Utajua kazi inakaribia mwisho ukianza kutabiri. Abiria anatokea kichochoroni, wewe unasema moyoni nani atawasha, na unapata karibu kila mara. Ukikosea, unajua kwa nini. Wiki mbili za namna hiyo zinatosha. Kinachoendelea baada ya hapo mara nyingi ni kuahirisha kuandika tasnifu.

Usipotee kimyakimya. Waambie wiki moja kabla, kisha rudi na kurasa mbili za Kiswahili chepesi zinazoeleza ulichokiona, uwasomee. Mwenyekiti atakuuliza, kama alivyoniuliza mimi: "Sasa wewe umemaliza, sisi tunapata nini?" Jibu la kweli liwe tayari mdomoni. Mimi niliwaachia kurasa zile na ramani, na waliibandika ramani kwenye ukuta wa duka.

Siku hiyo nenda na daftari dogo. Nilipofika kwenye maneno "foleni ni ya abiria wageni", J alinikatiza. "Hapo umekosea, dada. Mgeni akiwa na mzigo mzito, haendi kwa wa kwanza. Anakwenda kwa mwenye keria." Wengine wakaitikia. Nilikaa pale miezi yote hiyo na sijawahi kuandika neno keria. Nikatoa penseli, nikaomba chai nyingine.